Jamii Yenu Mmejaa

Nilifanya kazi miaka sita katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha kibinafsi. Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa kampasi kuu ya Kitale, Alhamisi na Ijumaa tawi la Bungoma, na muda huo wote nilikuwa naomba kitu kimoja tu: barua. Barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Kila Agosti mkataba wangu ulikwisha, nami nikakaa nyumbani Kibomet wiki mbili tatu nikingoja kuitwa tena, nikijifanya nina nguo nyingi za kufua huku simu nimeiegemeza dirishani ili mtandao usipotee. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, niseme hivyo mapema. Anayemtafuta mtu aliyesamehe asome kitu kingine.

Aliyekuwa na uwezo wa kunipa barua hiyo alikuwa mkurugenzi mmoja wa uajiri, ambaye baadaye aliongezewa cheo cha pili, Mkurugenzi wa Uanuwai na Ujumuishi. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alikuwa na tabia ya kuushika mkono wako kwa mikono yake miwili, akakuita dada yangu, akauliza hali ya mama kabla hajakunyima ulichokuja kuomba. Alikuwa na digrii ya uzamifu na hakutaka mtu yeyote aisahau, kwa hivyo sote tulimwita Daktari, hata wapishi. Ukutani mwa ofisi yake palikuwa na bango la mikono ya rangi mbalimbali iliyoshikana, na chini yake sera yenyewe ndani ya fremu ya kioo, kurasa mbili, kwamba katika chuo hiki hakuna jamii itakayowafunika wengine wala jamii itakayosahaulika.

Sera yenyewe sina ugomvi nayo. Nimekua nikiona ofisi ambazo ukiingia bila kujua lugha ya pale unatazamwa kama umekosea mlango. Aliyefikiria kwamba kazi zigawanywe kati ya makabila alifikiria vizuri, na siku sera hiyo ilipozinduliwa, kwa maombi na soda, mimi nilikuwa mstari wa mbele nikipiga makofi mpaka viganja vikauma. Nilidhani sasa mambo yangu yamenyooka.

Mwaka wangu wa nne nilimwendea na barua ya kuomba, safi, imepigwa chapa, na nakala za vyeti vyangu vyote.

"Dada yangu," akasema, mkono wangu uko ndani ya mikono yake. "Kama ingekuwa ni mimi tu, hiyo barua ningekupatia leo. Lakini sera haikubali. Jamii yenu mmejaa."

"Tumejaa wapi, Daktari?"

"Hapa kwa chuo. Wabukusu mmekuwa wengi sana. Wakaguzi wakikuja watatumaliza. Si unaelewa? Ngoja kidogo, mmoja wenu akitoka, wewe ndio wa kwanza."

Mmoja wenu akitoka. Nilirudi maktaba na maneno hayo, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu mbaya. Nilianza kuwahesabu Wabukusu wenzangu mmoja mmoja. Kulikuwa na mhadhiri wa kilimo aliyekaribia kustaafu, nikawa nikimwona napiga hesabu ya mvi zake. Mlinzi wa lango alikuwa na kikohozi kisichoisha, na nikajikuta kila asubuhi namuuliza kinaendeleaje. Alifikiri ninamjali. Siku moja aliniletea maparachichi manne kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimuuliza. Niliyala yale maparachichi na nikaona aibu ninayoiona mpaka leo. Daktari alininyima barua, na hilo ningeweza kulisahau. Kunifanya nimwombee mlinzi kifua kibovu, hilo sitalisahau.

Sasa lazima nieleze majina yangu, kwa sababu shauri lote limetoka hapo.

Nilipozaliwa Misikhu nililia siku tatu mfululizo. Kwetu mtoto akilia hivyo bila ugonjwa, wazee wanajua kuna marehemu anayetaka kukumbukwa, na wanaanza kumtajia majina ya waliotangulia mpaka anyamaze. Walitaja majina ya upande wa baba mpaka yakaisha. Wakafika kwa nyanya mzaa baba, mwanamke Msabaoti aliyeshuka kutoka milimani Kapsokwony kuja kuolewa kwetu, na nikanyamaza. Wakapiga vigelegele. Baada ya saa moja nikaanza tena. Ndipo mama yangu, ambaye ni Mteso na ambaye kwa adabu ya ugeni wake alikuwa kimya muda wote, akanong'ona jina la mama yake mzazi. Nikanyonya nikalala. Kwa hivyo nikabeba wote wawili, Msabaoti na Mteso, na jina la baba mwishoni, la Kibukusu. Mapadri wakaniongezea la ubatizo, na baadaye la kipaimara. Majina matano. Kwenye kitambulisho afisa wa serikali alilalamika kwamba hayaingii kwenye mstari.

Mama haniiti kwa jina lolote kati ya hayo. Ananiita mama, kwa sababu nimembeba mama yake.

Chuo kilikuwa cha Kikristo, na ukiomba kazi walikutaka nakala za kila kitu, hata kadi ya ubatizo na barua ya padri au mchungaji. Mimi niliwapa. Majina yote matano waliyapata mikononi mwangu.

Katika mwaka wa sita tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Chuo kilikuwa kinatafuta cheti cha kuruhusiwa kuanzisha kitivo kipya, na wakaguzi walitaka kuona, pamoja na maabara na vyoo, kama sera ya ujumuishi inafuatwa. Daktari aliandika ripoti. Kwa kawaida ya chuo, ripoti zote zilikuja kubaindiwa maktaba, na mashine ya kubaindi ilikuwa yangu. Mtu huleta karatasi zimelegea, mimi nazipanga, nazitoboa matundu, naingiza ule waya wa plastiki, naweka jalada. Nilikuwa stadi. Wanafunzi walikuwa wanasema kazi iliyobaindiwa na mimi hata ikianguka kwa matope haifunguki.

Ripoti ililetwa Jumanne saa nne asubuhi na mhazili wake, kurasa mia moja na kitu, nakala tano. Nilipokuwa nahakikisha kurasa hazijapinduka nikafika kwenye kiambatisho cha mwisho, orodha ya wafanyakazi kwa jamii zao. Nilisoma ya Wabukusu kwanza. Nilikuwepo, jina la ubatizo na la baba, mkutubi msaidizi, Kitale. Niliridhika, nikafungua ukurasa uliofuata. Wasabaoti walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwanamke, jina langu la kipaimara na jina la nyanya yangu wa Kapsokwony, afisa wa maktaba, Bungoma. Nilidhani ni bahati mbaya ya majina. Kisha Wateso, wanne, na wa nne, herufi mbili za mwanzo na jina la nyanya yangu mzaa mama, afisa wa huduma kwa wasomaji, Bungoma.

Nilikaa chini. Mashine ilikuwa wazi, nilikuwa tayari nimeingiza karatasi kumi kwenye meno yake. Nilisoma tena, na mwisho nikaona kwenye safu ya pembeni pameandikwa, mbele ya kila mmoja wa hao wawili, neno moja: kudumu.

Mbele yangu mimi, yule wa Kibukusu, palikuwa pameandikwa mkataba.

Nyanya zangu walikuwa wamepewa barua. Mmoja alifariki kabla sijazaliwa, mwingine vilevile, na wote wawili walikuwa wameajiriwa kwa kudumu katika chuo kikuu nilichokuwa nakipigia magoti. Mama yake mama yangu hakuwahi kuandikwa popote. Hakuwa na kitambulisho, hakupiga kura, hata msalaba wa kaburi lake uliandikwa mke wa fulani. Mtu wa kwanza duniani kuliandika jina lake kwenye karatasi ya ofisi kama mtu mzima mwenye kazi yake alikuwa Daktari, na alifanya hivyo ili adanganye.

Sikulia. Nilizitoa zile karatasi kumi kwenye meno ya mashine nikaanza upya. Kiambatisho cha mwisho nikakifanya cha kwanza. Mtu akifungua jalada tu, kabla ya dibaji ya Makamu Mkuu, kabla ya picha ya lango, akutane na orodha ya watu. Nikatenganisha kila jamii kwa karatasi ya rangi yake. Majalada ya kawaida yalikuwepo lakini sikuyataka. Nilivuka hadi mjini kwenye duka la vifaa vya ofisi la mzee mmoja wa Kisikh, ambaye mwanawe alitufundishia uhasibu siku mbili kwa wiki, nikamwomba yale magumu ya buluu yenye mng'ao.

"Nasikia wageni wanakuja," akasema akipangusa vumbi. "Na kijana yangu mmemuweka wapi?"

Nilikuwa nimeona. Mwanawe alikuwa chini ya kichwa kisemacho Jamii ya Kimataifa. Nilimwambia.

"Kimataifa? Huyo amezaliwa hapa Kitale hospitali ya wilaya! Mimi mwenyewe nimezaliwa hapo, bana!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Chukua ile mazito zaidi," akasema, akateremsha pakiti nyingine.

Alhamisi nilimwonyesha mhazili wa tawi la Bungoma, mama mmoja wa makamo ambaye tulikuwa tunakula naye chakula cha mchana. Nilitaka kujua kama aliwahi kuwaona hao wafanyakazi wenzetu wawili. Alisoma nakala niliyotoa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Haki ya Mungu. Huyu ni wewe. Na huyu ni wewe tena." Akashusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu juu ya ghorofa, chini tunasikia bodaboda tu. "Lakini usipige kerere, mama. Hao watu watakufuta. Kaa kimya mpaka upewe balua yako."

"Nimekaa kimya miaka sita."

"Basi ongeza wa saba. Mimi nimekaa kumi na mbiri."

Alinitakia mema, najua. Lakini ile kumi na mbili yake ndiyo iliyonimaliza. Nilimtazama akifunga mkebe wake wa chakula na nikajua kwamba nikisubiri nitakuwa yeye.

Jumamosi nilikwenda Misikhu. Mama alikuwa sokoni na viazi vitamu vyake, na kabla sijaketi akauliza kama kawaida, "Mama, barua imekuja?" Wale wauzaji wenzake wakageuka kusikiliza, maana barua yangu ilikuwa ya soko zima. Nilimwambia bado. Kisha nikamwonyesha ukurasa, nikaweka kidole. Mama anasoma polepole, kwa midomo. Alifika kwenye jina, akalirudia.

"Wamemwandika?"

"Wamemwandika."

Uso wake uling'aa kwa furaha kiasi kwamba nilishindwa kumwambia mara moja. Alikuwa anaushika ule ukurasa kwa ncha za vidole ili usichafuke na udongo wa viazi. Alifikiri ni kumbukumbu, kwamba chuo kimemheshimu. Ilibidi nimweleze, pale pale, katikati ya watu wanaochagua viazi, kwamba mama yake ametumiwa kuziba pengo la Wateso, na kwamba mtoto wake amenyimwa kazi kwa kuwa Mbukusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja karatasi mara nne akanirudishia.

"Nimekaa kwa hawa watu wa baba yako miaka arobaini," akasema, "na siku zote mimi ni yule Mteso. Leo mtu ametaka Mteso, ameenda kuchukua maiti." Alinifungia viazi kwenye gunia dogo, akanisindikiza hadi barabarani.

Hapo ndipo nilipoamua. Kabla ya hapo, hata baada ya kuzigeuza zile kurasa, bado nilikuwa nafikiria kwenda kwa Daktari kimyakimya, nimwonyeshe nilichoona, tuelewane, barua itoke. Nakiri. Ningekubali. Lakini baada ya kuuona uso wa mama ukifurahi kisha ukazima, nikataka Daktari aumie. Na nikataka aumie mbele ya watu.

Wakaguzi walipangiwa Siku ya Utamaduni. Kila chuo cha kwetu kina siku hiyo, na chetu kiliifanya kwa bidii. Hema uwanjani, meza kwa kila jamii, chakula chao, mavazi yao, na wafanyakazi wao wamesimama nyuma ya meza wakitabasamu. Wabukusu tulikuwa na kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Wasabaoti walikuwa na kibuyu cha maziwa lala. Wateso walileta chungu na mirija mirefu ya kunywea pombe, ila kwa kuwa chuo kilikataza pombe, chunguni mlikuwa na uji. Meza ya Jamii ya Kimataifa alisimama kijana wa uhasibu peke yake, mbele yake sambusa za mama yake, akitazama simu. Mimi nilivaa kitenge kilichoshonwa vizuri. Mkobani niliweka kitambulisho na kadi ya ubatizo.

Wakaguzi walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mtu mzima aliyevaa suti nzuri na raba za kutembelea. Daktari alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamkabidhi ripoti. Mama yule aliigeuza, akapitisha kidole kwenye waya.

"Nani amebaindi hii? Ni kazi safi."

"Ni maktaba yetu, madam," Daktari akasema, akifurahi.

Akafungua jalada. Nilimwona akitarajia dibaji, nikamwona akikuta orodha, na nikamwona akiipenda. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti.

"Vizuri. Tuanze na watu basi. Mimi nikisoma jina, kila mtu anyoshe mkono hapo kwa meza yake."

"Madam, labda tuonje chakula kwanza, kisipoe," Daktari akasema. Nakala nilikuwa nimempelekea asubuhi hiyo hiyo, na hakuwa ameona bado jinsi kurasa zilivyopangwa. Alipoinama kutazama, nilimwona akielewa. Mikono yake ikashikana yenyewe.

"Kitangoja," yule mama akasema, akaanza kusoma.

Kwa meza ya Wabukusu nilinyoosha mkono nikasema niko. Akaweka alama akaendelea. Mlinzi wangu alisema yuko, akakohoa. Wakahamia meza ya Wasabaoti. Wa kwanza yupo, wa pili yupo. Kisha akasoma jina la kipaimara na jina la nyanya yangu, kwa sauti, uwanja mzima ukasikia.

"Huyo ako Bungoma," Daktari akasema haraka. "Ako na ruhusa leo."

"Niko," nikasema.

Nilitoka nyuma ya kuku nikatembea. Ilikuwa kama hatua thelathini hivi na nyasi zilikuwa na umande, viatu vyangu vilikuwa vinazama. Sikukimbia. Nilizunguka kibuyu cha maziwa nikasimama karibu na wale Wasabaoti wawili, ambao walisogea kunipa nafasi kwa adabu kabla hawajaelewa. Mkaguzi alinitazama juu ya miwani. Aliweka alama, akaenda meza ya Wateso, nasi sote tukamfuata kwa macho. Alipolisoma lile jina la nne, la mama yake mama yangu, nilikuwa tayari nimeanza kutembea.

"Niko."

Hapo watu wakacheka, wanafunzi hasa, wakidhani ni mchezo umeandaliwa. Mmoja akapiga mluzi. Lakini mkaguzi hakucheka, na kicheko kikaisha meza baada ya meza.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, madam. Hayo majina yote ni yangu." Nikatoa kitambulisho, nikatoa kadi ya ubatizo.

Alisoma vyote viwili. "Kwa hivyo umeajiriwa mara tatu?"

"Hapana, madam. Sijaajiriwa hata mara moja. Niko kwa mkataba, mwaka wa sita. Niliambiwa ati jamii yangu imejaa."

"Jamii yako gani?"

"Hata mimi ndiyo nauliza."

Nilimgeukia Daktari nilipokuwa nasema hivyo. Nilikuwa nimejiahidi kumtazama na nilimtazama. Midomo yake ilikuwa inatafuta neno dada. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu, na asubuhi ya Kitale ina baridi. Nilifurahi. Nimejaribu katika kuandika hapa kutafuta neno la heshima zaidi na sikulipata. Nilifurahi mpaka nikasikia njaa, nikachota uji wa Wateso kwa kikombe nikanywa palepale.

Cheti hakikutolewa. Tuliambiwa chuo kirekebishe orodha zake kwanza. Daktari alipumzishwa kile cheo cha ujumuishi, akabaki na cha uajiri, kwa hivyo baada ya wiki tatu ndiye aliyeniita. Ila hakuwa na ujasiri wa kuniona. Nilipofika nilimkuta karani wake, msichana mpya, ameweka bahasha mezani. Zilikuwa tatu.

"Pole, madam," akasema. "Ni kompyuta. Kila mtu kwa mfumo lazima akuwe na yake."

Nilizifungua. Ya kwanza iliniambia mimi, wa Kibukusu, kwamba mkataba wangu hautaendelea. Ya pili ilimwambia nyanya yangu Msabaoti kwamba chuo kinasikitika kusitisha ajira yake. Ya tatu vivyo hivyo kwa nyanya Mteso, ikamshukuru kwa utumishi wake. Zote zilikuwa na sahihi ya Daktari. Nilikuwa nimeomba barua moja miaka sita, na asubuhi moja nikapewa tatu.

Msichana alinisogezea daftari la kupokelea. "Sahihi hapa, hapa, na hapa."

Nilitia sahihi moja. Bahasha mbili nikazirudisha katikati ya meza.

"Hao wengine waje wenyewe."

"Lakini madam, si ni wewe?"

"Nani amesema ni mimi? Mwambie Daktari aandike. Aandike kwa karatasi kwamba hawa watatu ni mtu mmoja, aweke sahihi na muhuri, nami nitapokea zote leo hii."

Msichana aliingia ndani. Mlango haukufungika vizuri, nikasikia sauti ya upole ikipanda kisha ikashuka. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuwa na karatasi yoyote. Alizichukua zile bahasha mbili akaziweka kwenye droo, akaifunga, na hakunitazama nilipokuwa natoka. Langoni mlinzi alinipa mkono. Nilimwomba msamaha bila kumweleza wa nini, naye akasema hakuna shida.

Sasa nina mashine yangu ya kubaindi katika kibanda Bungoma, karibu na ofisi za kaunti. Mhazili wa tawi, yule wa miaka kumi na mbili, huja kula chakula cha mchana nami, na kila mwisho wa mwezi hunipa habari. Wale wawili bado wamo kwenye mfumo. Kuwaondoa kunahitaji barua iliyopokelewa au maelezo yaliyoandikwa, na maelezo Daktari hawezi kuyaandika bila kujifunga mwenyewe.

Siku ile ile ya bahasha nilikwenda Misikhu moja kwa moja. Mama alikuwa anafunga vitu vyake. Aliniona nimeshika karatasi, akasimama.

"Barua imekuja?"

"Imekuja. Nimefutwa."

Akaketi juu ya gunia. Akauliza, "Na mama yangu?"

"Nimekataa kumtilia sahihi. Bado yuko kazini. Kudumu."

Alianza kucheka kidogokidogo, mabega kwanza, kisha akajifunika uso kwa ncha ya leso, na nilipofikiri anacheka bado nikaona analia. Alijipangusa. Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu zaidi kuliko nilivyojua anazo.

"Usimtilie, mama," akasema. "Hata wakikupa ile barua yako, usimtilie."